Karatasi Moja kwa Watu Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye dispensari ya Mushaki, Bwana Daktari alinipa koti jeupe, sanduku la sindano, na agizo ambalo shuleni hatukufundishwa. "Mutu akiomba Mungu kupita kiasi, andika jina yake uniletee." Vita vya wazungu vilikuwa vimekwisha juzijuzi, nami nilikuwa infirmier, yaani muuguzi, kijana mwenye cheti kipya. Nikajibu ndiyo. Nikilikumbuka jibu lile, damu inanichemka hadi leo.

Kazi yetu ilikuwa kupambana na buba, ugonjwa wa vidonda uliokula ngozi hadi mfupa. Tulizunguka vilima mpaka Nyamitaba. Sindano tulizichemsha katika sufuria, na ncha ikiwa butu tuliinoa kwenye jiwe. Kila mtu alikuwa na karatasi yenye vyumba vidogo. Akidungwa, naweka msalaba katika chumba cha juma hilo. Asiye na misalaba alifungwa jela. Mgonjwa wa mbali aliletwa kwa tipoyi, machela ya miti miwili inayobebwa mabegani. Infirmier hakubeba tipoyi hata siku moja. Alitembea nyuma na daftari lake.

Karibu na Nyamitaba palikuwa na kikundi kilichosali peke yake, bila padri wala mchungaji. Papa Zakaria, mkulima wa maharagwe, alikishika Kitabu neno kwa neno: hanywi pombe, haapi, hagusi matambiko ya wazee, na dawa haitaki kwa kuwa mponyaji ni Mungu. Hata hivyo wagonjwa wa majirani aliwabeba yeye mwenyewe. Akiwatua mlangoni kwangu, anarudi kusimama mbali kwenye migomba.

Bauma, wa kikundi hichohicho, alisoma Kitabu kilekile na kuimba nyimbo zilezile. Siku moja alikuja na vijana wenye fimbo, akavunja chupa zangu za dawa, kisha akachoma nyumba ya mama mmoja aliyemleta mtoto wake kudungwa. Mtoto alikuwa ndani. Miguu yake niliifunga bendeji mimi, na kilio chake sijakisahau.

Askari waliotumwa kukikamata kikundi walipokaribia, nilimwendea Papa Zakaria shambani kwake.

"Papa, lete karatasi. Nitaweka misalaba yote. Sindano hapana."

"Munganga, ile njo kusema uongo."

"Ile njo kukuokoa."

"Uongo yako itaniokoa namna gani? Andika ile uliona."

Nilimkasirikia sana. Mkaidi gani huyu, anayekataa hata msaada wa bure? Lakini aliniomba jambo moja tu, niandike nilichokiona, na hilo ndilo lililonishinda.

Maana walipofikishwa wote wawili mbele ya Bwana Administrateur, mkubwa wa eneo lote la Masisi, nilijaribu kidogo. "Bwana, huyu alichoma nyumba. Huyu mwingine alibeba wagonjwa."

"Wote wanasoma kitabu kimoja?"

"Ndiyo, Bwana."

"Wote wanakataa sindano?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi karatasi moja inatosha. Andika: watu wa hatari."

Nikaandika. Nikatia sahihi.

Bauma alipiga magoti, akasema ametubu, na juma lilelile alirudi kwao. Papa Zakaria aliulizwa kama sasa atakubali sindano, akajibu hapana. Akapelekwa relégation huko Walikale, yaani kutupwa mbali na kwenu bila kupita mahakamani. Mchoma nyumba alilala kwake. Mbeba wagonjwa alitupwa msituni. Mniambie ninyi vijana mliosoma, hiyo ni akili gani?

Leo nawasikia mkisema "washika dini" na kuwatia wote gunia moja, nami nauona mkono wa yule Bwana Administrateur. Mtu akiishika imani yake kwa ukali, gharama akailipa mwenyewe, bishana naye mpaka jua lizame. Akitaka mtoto wa jirani ndiye alipe, mshike. Ofisi yetu haikuuliza nani ameumizwa. Iliuliza nani ameinama.

Miaka ilipita, nami nikahamishiwa Walikale. Nilimkuta Papa Zakaria njiani, mvuke wa mvua ukitoka ardhini, mguu wake una kidonda kibaya. Alikuwa amekaa kando ya tipoyi yenye mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mwenzake wa kubeba alikuwa ameteleza na kuteguka. Nilisimama na daftari langu.

"Papa Zakaria, unisamehe. Niliandika uongo."

"Ulijua iko uongo?"

"Nilijua."

Akainuka, akashika miti ya mbele. "Kamata miti ya nyuma. Huyu mama hawezi kungoya mambo yetu."

Nikavua koti jeupe nikabeba. Mtoto alizaliwa salama.

Kidonda kile ningekitibu. Nilimsihi mara nyingi, akakataa kila mara, kikamuua. Sisemi alikuwa na haki. Nililia kwa huzuni na kwa hasira. Lakini hakumzuia mtu mwingine yeyote kupona.

Nilipostaafu nilipewa medali, na barua yenye muhuri, ambayo mke wangu aliitundika ukutani kwa fahari. Siku ile ya tipoyi haimo. Inasema nilikuwa mtumishi mwaminifu, na kwamba kila ripoti niliyoitia sahihi ilikuwa ya kweli.