Filamu ya Singo Mikononi mwa Saidy

Muzdalifa ana kinyaa. Naanza na hilo kwa sababu kila anayemjua hapa Kibiti huanza na hilo. Chai ya mgahawani haigusi mpaka aisuuze glasi kwa maji yake mwenyewe. Ukimpa mkono nawe umetoka kumenya kamba, atakupa kifundo cha mkono, huku anacheka ili usijisikie vibaya. Mjue hivyo kwanza, ndugu zangu, ndipo mtaelewa yaliyompata yalimpata mtu wa namna gani.

Kazi yake ni kupiga video za harusi, lakini za ndani. Huko nje, kwenye ndoa na maulidi, vijana wenye kamera wamejaa. Yeye anaitwa siku ya singo, wanawake wanapomkalisha bibi harusi mkekani, wakamsugua kwa liwa na manukato, na makungwi wakamfunda kwa nyimbo. Mlango unafungwa. Mwanamume hakaribii hata dirisha. Zamani kamera nayo ilikuwa haiingii. Muzdalifa ndiye aliyewalainisha kina mama, kwa ahadi moja tu, kwamba kilichomo ndani ya kompyuta yake hakitaonwa na mwanamume yeyote. Kwa ahadi hiyo ameitwa Umwe, ameitwa mpaka Maparoni kule deltani, kamera imefungwa kwenye mifuko ya plastiki isiingie maji ya chumvi. Mimi ni jirani yake wa kibanda, nashona viatu. Yaliyomo kwenye hizo filamu siyajui, na msiniulize.

Sasa mwaka jana Salama, binti wa Bi Mwantumu, aliolewa. Filamu ya singo yake ilitakiwa siku fungate inapokwisha, ili mama, makungwi na mashoga wakae waitazame. Muzdalifa alikuwa ameifikisha mahali pazuri, amebakiza kukatakata vipande vya mwisho, mara kompyuta ikajivutia apdeti yenyewe kwa bando la simu yake. Ilipomaliza, ile programu ya kukatia video ikawa inafunguka nyeusi tii. Akasikia kwenye klipu fulani ya simu kwamba dawa yake ni kuiondoa hiyo apdeti. Akaiondoa. Kompyuta ikazima, ikawaka, ikamwomba nenosiri. Akaandika. Hakuna kitu. Vitufe vimekufa, na kile kibao cha kutelezesha kidole nacho kimekufa. Kompyuta nzima, inang'aa, inamtaka aingie, na hana mkono wa kufungulia mlango.

Hapo ndipo alipokwenda kwa Saidy, fundi wa pale karibu na stendi. Niwaambie kuhusu Saidy. Si mjinga. Lakini meza yake, wallahi, ukiiona hutamani kula siku nzima. Mifupa ya kuku juu ya simu zilizofumuliwa, ganda la yai kwenye kopo la skrubu, na feni moja inayopuliza harufu ya mafuta ya jana. Kila ugonjwa wa kompyuta kwake una tiba moja, kufuta kila kitu na kupakia upya.

"Dada 'angu, hii niachie mpaka kesho," akasema, huku anatafuna chipsi. "Nafuta, napakia upya, unaichukua mpya kama mwali."

"Usifute kitu. Na siiachi. Nakaa hapa hapa."

"Kwani umeficha dhahabu humo?"

"Nimekwambia nakaa."

Saidy akacheka, akachomeka kibodi yake ya waya. Muzdalifa aliitazama ile kibodi kwa muda. Vitufe vilikuwa na utando wa rangi ya samli, na katikati yake makombo na nywele. Ikabidi aandike nenosiri kwa ncha ya kalamu. Kompyuta ikafunguka. Alhamdulillahi, akasema moyoni.

Ila sauti hakuna, na mtandao hakuna. Saidy akaeleza kwamba ile apdeti ilipotoka imeondoka na draiva, vile viprogramu vidogo vinavyoifundisha kompyuta kutumia vifaa vyake. Hapo alisema kweli.

"Zinashuka kwa mtandao. Bando langu limekata. Katununulie vocha hapo jirani, Da Muzda, dakika mbili tu nakukabidhi."

Duka lenyewe liko ng'ambo ya barabara. Akaenda.

Aliporudi alikuta migongo. Saidy na wenzake wawili, dereva bodaboda na mwingine muuza miwani, wameinamia kioo, vichwa vimegusana. Filamu inakwenda, bila sauti. Wanawake wamevaa khanga, mikono inasugua bega. Na kidole cha Saidy, kile kile cha chipsi, kiko juu ya kioo kinaonyesha kitu, kimeacha alama ya mafuta juu ya bega la Salama.

Muzdalifa alipenya katikati yao, akaufunga mfuniko vidole vya Saidy vikiwa bado juu ya kioo.

"Aa, dada, nilikuwa nacheki tu kama video zinacheza."

"Na hawa wanacheki nini?"

Yule wa miwani akaanza kutazama barabarani.

"Mbona tumeona kidogo," akasema Saidy. "Hata sauti haina. Usikuze mambo."

Alipopita kibandani kwangu amekumbatia kompyuta, sikumjua kwa uso. Akaenda nyuma ya kibanda, nikamsikia anatapika.

Siku ile aliisugua kompyuta kwa spiriti mpaka herufi nyingine zikafifia. Alama ya kidole ilitoka mara ya kwanza tu, mwenyewe anasema, lakini aliendelea kufuta. Kisha akampigia Winifrida, mwalimu wa sekondari, mtu wa Muleba, ambaye hununua naye samaki.

"Mwalimu, unajua kompyuta?"

"Najua kusoma, dada. Kompyuta nitasoma."

Winifrida akaja na mausi ya ofisini kwao na simu yenye bando. Wakakaa chini, mmoja anasoma kwenye simu, mwingine anabofya. Mausi ikakubali. Wakagundua kwamba pale pale kwenye ukurasa wa nenosiri, pembeni chini, kuna alama ndogo inayofungua kibodi ya kwenye kioo, ukawa unaandika kwa kubofya herufi moja moja.

"Kumbe sikuwa na haja ya ile kibodi yake," akasema Muzdalifa.

"Hukuwa na haja."

"Usinijibu, Mwalimu. Bado kichefuchefu hakijaisha."

Wakaunganisha simu kwa waya, kompyuta ikapata mtandao. Wakafungua orodha ya vifaa, wakakuta vimewekewa alama za njano, wakawa wanaviambia kimoja kimoja vitafute draiva zake. Kibodi ikarudi. Sauti ikachelewa, ilihitaji kuzimwa na kuwashwa tena, na Winifrida alikwishavaa viatu aondoke ndipo spika zikatoa wimbo wa kungwi, kwa nguvu, nyumba nzima. Muzdalifa akarukia kitufe cha kuzima. Wakacheka mpaka machozi. Kisha Muzdalifa akaacha kucheka.

Kompyuta imepona, programu ya kukatia video nayo inafunguka, na filamu itamalizika kwa wakati. Hakuna atakayejua, akinyamaza. Lakini angewezaje kukaa chumba kimoja na wale mama, waitazame, naye anaona kidole juu ya kila picha?

Kesho yake akaenda kwa Bi Mwantumu. Akamwamkia, akakataa kukaa, akasema yote. Bi Mwantumu alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Wangapi?"

"Watatu, mama."

"Sauti ilikuwapo?"

"Haikuwapo. Ilikuwa imekufa."

"Una hakika?"

"Saidy mwenyewe alilalamika."

Bi Mwantumu akashusha pumzi. "Basi hawakupata kitu. Singo ni maneno, mwanangu. Hayo mengine ni mabega, wameyaona mtoni tangu wadogo." Akauchukua ungo, akaupepeta kidogo, akauweka tena. "Ila wametazama. Mlango ulifungwa, na wao wametazama. Ile mikono iliyokuwa inasugua bega, unajua ya nani?"

Muzdalifa alikuwa anajua. Alikuwa amejua tangu jana, na hilo ndilo lililomtapisha.

"Bi Swaumu," akasema.

"Mamake Saidy. Mwache, nitamwambia mimi."

Bi Swaumu alikuja stendi mchana ule ule, watu wamejaa. Nilimwona anavuka barabara na khanga yake, hana haraka. Akasimama mbele ya ile meza yenye mifupa ya kuku. Saidy akainuka.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Jana ulitazama nini?"

"Mama, sikuona kitu."

"Sikukuuliza ulichoona." Akanyoosha mikono yake miwili juu ya meza, akaigeuza kiganja, akaigeuza tena. "Hii unaijua?"

Saidy akaitazama ile mikono. Nilikuwa ng'ambo, lakini uso wake niliuona ukibadilika, kama mtu aliyeng'ata kitu laini ndani ya wali akaelewa ni nini. Akakaa. Yule bodaboda akawasha pikipiki yake akaondoka bila abiria.

"Ndiyo iliyokuosha utotoni," akasema Bi Swaumu, akaenda zake.

Fungate ilipokwisha wanawake waliitazama filamu, mlango umefungwa, sauti ipo. Nilisikia vigelegele kutoka barabarani. Walipomaliza, Muzdalifa akaifuta mbele yao wote, kwa sababu Bi Mwantumu alitaka hivyo, na Salama pia. Siku hizi hafanyi tena kwa njia nyingine: wanatazama, anafuta. Na wanaendelea kumwita.

Saidy bado ana meza yake. Ameisafisha, mifupa hakuna. Lakini kina mama hawampelekei hata simu ya tochi. Muzdalifa akimwona upande huu wa barabara, anahamia ule, na mkono wake wa kulia anauficha ndani ya khanga, kama vile yule bwana atautaka kwa salamu.