Mama Alivyostaafishwa Jikoni Mwake

Ofisini walimwita Shoka, ingawa hakuna aliyethubutu kulitaja jina hilo mbele yake. Alikuwa mkuu wa rasilimali watu katika kampuni ya bima, na kazi yake iliyosifika ilikuwa kuwapunguza wenzake. Mtu aliitwa, akaketishwa kwenye kiti laini, akaletewa chai, akashukuriwa kwa mchango wake, kisha akaambiwa kwamba sasa umefika wakati wa kupumzika. Wengi walitoka wakisema ahsante. Walipofika kwenye lifti ndipo walipokumbuka kulia.

Mwishowe alijichoka mwenyewe. Akaacha kazi, akarudi nyumbani kutia vitambaa rangi kwa majani, mizizi na maganda ya vitunguu. Alitaka kuamshwa na ndege, na asidaiwe ripoti na kiumbe yeyote.

Nyumbani palikuwa na mama yake. Mama alikuja pale mkwewe alipofariki, kumliwaza binti kwa muda tu, akajikuta amelea wajukuu mpaka wakaota ndevu na kuhama. Jiko lilikuwa lake. Ua wa nyuma nao ulikuwa wake, pamoja na matuta ya mchicha na bamia. Binti alikuwa kama mpangaji mwema: analipa, anakula, analala.

Sasa mpangaji akaanza kushinda nyumbani. Sufuria kubwa ikajaa maganda na maji ya rangi ya kutu. Kisha mchicha ukang'olewa kupisha maua ya manjano ambayo, kwa mujibu wa simu yake, hutoa rangi tulivu.

"Kwani mchicha ulikuwa unapiga kelele?" mama aliuliza.

Binti akacheka. Hakucheka siku mama alipokikuta kitambaa kimelowekwa ndooni, kinanuka, akakihurumia, akakifua kwa sabuni na kukifikicha mpaka kikang'aa kama meno ya mtoto. Kilikuwa kimekaa humo wiki tatu, kwa makusudi.

"Mama, njoo ukae hapa." Akamvutia kiti laini. Akamletea chai. "Umetufanyia kazi kubwa miaka yote hii. Sote tunakushukuru. Sasa umefika wakati wa kupumzika."

Hakujisikia akisema. Mdomo uliozoea njia hauhitaji kuongozwa.

Mama alikitazama kikombe. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mama. Pumzika tu."

"Na atakayepika nani?"

"Mimi."

"Haya. Mungu atujalie meno."

Mama akapumzika, kwa utiifu wa kutisha. Alishinda kwenye kiti kile, mikono mapajani, kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Aliacha kuimba. Aliacha kugombana na kuku wa jirani, na kuku wakaja mpaka mlangoni kuona kulikoni. Siku moja akauliza, "Naweza kuingia jikoni nikanywe maji?"

Hapo ndipo Shoka alipoelewa alichokifanya. Akamletea ungo wa mchele. "Nichambulie, mama. Macho yananiuma."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Usinitungie kazi, mwanangu. Nimelea mimi. Najua mtoto anavyopewa kijiko achezee ili anyamaze."

"Basi nimekosa, mama. Nisamehe. Jiko ni lako."

"Nimekusamehe zamani. Lakini jiko lilikuwa langu nilipokuwa sijajiuliza ni la nani. Sasa hivi nikishika mwiko, nitakuwa nakusaidia."

Mwisho wa mwezi, mdogo wake Shoka wa kiume, fundi wa magari, alikuja kumchukua mama.

"Dada, mama kanipigia simu, eti kwangu watoto wanalala njaa," alinong'ona. "Wanangu wale! Wamenenepa mpaka naona haya kuwapeleka kwa watu."

"Usimwambie," Shoka alisema. "Mwache awakute."

Mama alikuwa amekwisha kuketi garini, kifurushi miguuni. Binti akainama dirishani kumshika mkono. Mama akavitazama vidole vile vya manjano mpaka kwenye kucha.

"Kanawe kwanza," alisema, "ndipo uniage."

Shoka akaenda bombani mbio kama mtoto aliyetumwa, akasugua kwa jivu, akasugua kwa sabuni. Rangi haikutoka. Aliporudi na mikono inayochuruzika maji, mtaani palikuwa na vumbi tu.