Mabega ya sponji nusura yanizuie kusimama na dada yangu kanisani

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Leo nimepekua sanduku nikakutana na picha ya harusi ya dada yangu, na tangu asubuhi nacheka peke yangu kama mwehu. Nikaona nisiwanyime.

Kisa ni changu, sikusimuliwa na mtu. Na kama mtahisi chumvi mahali, mjue baba yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi Marereni, kwa hiyo iko kwenye damu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Mimi nikiuza vitambaa katika duka moja Malindi mjini, msichana mbichi, mshahara mdogo, maringo makubwa.

Shida yangu ilikuwa moja tu, umbo.

Mungu alinipa mabega mapana na nyonga hakuniwekea kabisa. Juu mpana, chini nimenyooka. Shuleni waliniita Kabati, na jina likanifuata hadi kazini.

Sasa kwetu Ugiriamani nyonga si jambo la mzaha. Hawe wangu, yaani nyanya mzaa baba, alivaa hando maisha yake yote. Kwa msiolijua, hando ni ile sketi fupi ya marinda tele ya akina mama wa Kigiriama. Hawe akitembea, marinda yanaitikia kulia, yanaitikia kushoto.

Nimekua nikiamini wanawake wote wa upande ule wamejaliwa, ila mimi nilirukwa kwenye mgao. Iliniuma sana, nisiwafiche.

Basi dada yangu Dama akapata mchumba wa Kilifi. Tuko mabinti wawili tu kwetu, tumelala kitanda kimoja tangu utoto. Alipoulizwa nani atakuwa msimamizi wake, hakufikiri mara mbili. Akasema, "Sidi."

Sidi ndiye mimi. Nilifurahi hadi nikampa mteja chenji ya ziada.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Shangazi Kahaso, dada yake baba. Mnajua harusi zetu, bila sare bado hakuna harusi. Shangazi akachagua satini ya rangi ya pichi, na style akaitoa kwa binamu yetu Riziki, mtoto wa Mombasa.

Riziki alikuja na gauni lake la shoulder pads, mikono imetuna, sketi imebana hadi magotini. Wakuu, miaka ile ukivaa shoulder pads wewe ni mtu na nusu. Riziki mwenyewe ana mabega madogo na nyonga zimejaa, kwa hiyo lile gauni lilimpenda.

Shangazi akampelekea fundi lile gauni kama mfano, akamwambia sote tushonewe hivyo hivyo. Halafu akaongeza la kwake. Msimamizi awekewe sponji nene zaidi mabegani, ajulikane toka mbali.

Siku ya kujaribu nikatoka nyuma ya pazia la fundi.

Fundi akajifanya anatia mafuta cherehani. Dama akaziba mdomo. Nikajitazama kwenye kioo nikaona mabega yameingia kwanza, mimi nafuata nyuma. Kabati limevishwa satini.

Shangazi akanizunguka, akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma.

"Sidi mwanangu, sikutukani. Lakini picha hizi zitatundikwa ukutani hadi tufe, nawe utaziharibu. Nenda nalo nyumbani. Nikija Ganze kwa hawe wako siku ya kuamkia harusi, likiwa halijakukaa, Riziki atasimama na Dama. Wewe utaketi na wageni."

Dama akalia. Mimi nikajikaza hadi njiani.

Niseme kitu hapa. Katika watu wote waliokuwa kwa fundi yule, hakuna hata mmoja aliyesema gauni limekosea. Wote tulikubaliana kwamba mwili wangu ndio uliokosea, na mimi nilikuwa wa kwanza kukubali.

Fundi akanifungia gauni pamoja na mabaki ya vitambaa vya sare zote. Mafundi wa zamani walirudisha mabaki, wasije wakaitwa wezi. Nikaomba ruhusa dukani, nikaenda zangu Ganze kwa hawe.

Ganze maji ni ya kuhesabu, mwenyewe unajua ukioga ni kwa kopo. Nikambebea hawe maji yake uani. Nikapiga hodi, akaniambia niingie.

Nikaingia nikamkuta amevua hando.

Wakuu, nilisimama na ndoo mkononi nisijue niitue wapi. Hawe hana nyonga! Mabega mapana, kiuno kimeshuka moja kwa moja. Nilijiona mimi mwenyewe, nimezeeka tu.

Nikamuuliza, adabu imeniruka, "Hawe, nyonga zako ziko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye ua wa makuti. "Si hizo zaanikwa."

Nikatazama. Mafurushi ya matambara yaliyosokotwa vizuri, yale anayofunga kiunoni kabla ya kuvaa hando. Yamefuliwa, yanakauka juani.

"Kwani wewe ulidhani nilizaliwa nazo? Mudzukulu wangu, hando hujengwa kwanza, ndipo likavaliwa."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yaani miaka yote ile nimelia kwa kukosa kitu ambacho hata hawe mwenyewe hana. Nilisikia mwili mwepesi, nikataka nikimbie niwatangazie watu wote njiani.

Hawe naye akapata moto. Nilipomweleza habari ya gauni, akataka tulijenge saa hiyo hiyo. Akanifunga matambara yake, tukapandisha satini juu.

Loo. Satini haina siri. Kila furushi lilionekana, nikawa kama mtu aliyeiba mikate dukani. Hawe akafurahi sana, eti tuongeze.

"Hawe, hii si hando, hii ni satini."

"Basi ni nguo mbaya," akasema, akanuna.

Hapo ndipo akili yangu ya muuza vitambaa ilipoamka. Kama ndani hakuwezi kujengwa, kujengwe nje.

Nikachukua wembe, nikafumua mabega, nikatoa sponji zote. Mikono iliyotuna nikaipunguza ikalala. Shingo ya duara nikaikata V ili kifua kisionekane kipana. Kisha nikamwaga yale mabaki mkekani, nikamwomba hawe anikunjie marinda kama ya hando.

Akaacha kununa. Vile vidole, wakuu, vilikuwa vikikunja bila kutazama. Tukapata marinda ya ngazi tatu, nikayashonea kiunoni yaangukie juu ya ile sketi iliyobana. Kwa mkono, bila cherehani, hadi vidole vikavimba.

Nikavaa. Sikuwa na kioo kikubwa, lakini hawe alipiga kigelegele, na mimi nilipogeuka nikasikia marinda yanageuka pamoja nami.

Siku ya kuamkia harusi Shangazi akaja na Dama na Riziki. Riziki tayari ameshika maua ya msimamizi.

Nikatoka nje.

Shangazi akanizunguka tena. Akashika marinda, akayavuta. "Nani amekuruhusu uguse sare?"

Kuharibu sare kwetu ni kuwadharau wenzio.

"Kitambaa ni kile kile?"

"Ni kile kile, Shangazi. Ni mabaki ya magauni yenu wote."

Akayakagua mshono kwa mshono, akayaachia. Kisha akageuka kwa Riziki.

"Mpe maua yake."

Dama alinikumbatia hadi nikaogopa marinda yatafumuka.

Kesho yake kanisani Kilifi nilisimama bega kwa bega na dada yangu. Nilisimama wima, sikujikunja, sikujificha nyuma ya mtu.

Kwenye karamu, mama mkwe wa Dama akamuuliza Shangazi, "Yule msimamizi mwenye umbo zuri ni wa nani?"

Shangazi akajivuta, akajibu kwa sauti watu wasikie.

"Ni wa kaka yangu. Umbo lile kalirithi kwa mama yangu, zima zima."

Hawe alikuwa ameketi pale pale na hando lake. Akanitazama, akashusha macho kwenye sahani ya pilau, mabega yake mapana yakitikisika kwa kicheko.

Nilichojifunza ni kwamba nguo iliyompenda mwenzio haina deni la kukupenda wewe. Jitazame kwanza, ujue palipojaa na palipopungua, ndipo uende kwa fundi. Mwenye mabega usijiongezee mabega. Fashion ikikukataa, nawe ikatae.

Najua kuna mzee humu atakuja kuniandikia "uzuri wa mkakasi". Karibu, nakusubiri.

Nanyi wengine, semeni. Nguo gani iliwahi kukuonea, na ulifanyaje? Wanaume pia, msijifiche, suruali zenu za miaka ile tulikuwa tunaziona.