Jua la Dirishani

Ndama wa kwanza alikataa maziwa siku ambayo jua liliwaka kweli kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilikuwa nalisha ndama katika shamba la utafiti huko Beltsville, ughaibuni, katikati ya majira ya baridi. Kundi moja lilipewa vitamini D ya kutosha kwenye maziwa, jingine kidogo mno, ingawa banda lao lilikuwa na madirisha mapana yaliyojaa jua. Mimi nimekulia kwa wafugaji. Nilipoyaona yale madirisha nikasema hawa hawana shida.

Daktari wa mifugo alinicheka. Alinieleza kwamba kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini hiyo ngozini, na kwamba huku, majira ya baridi, jua hupita chini mno kiasi kwamba hata nje halisaidii. Ndama akiikosa, kinga yake ya mwili husinzia kama mlinzi wa zamu ndefu: mdudu anaingia kifuani, hakuna wa kumzuia. Jua linang'aa tu, alisema, basi.

Nikaanza kuliogopa. Nyumbani kwetu Lanham, mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kumlea mwanangu mchanga, aliyekuwa ananyonya tu. Kila asubuhi alimvua nguo, akamlaza kwenye khanga chini ya dirisha la sebuleni, amwoteshe jua kama alivyotuotesha sisi sote. Matone ya vitamini tuliyopewa kliniki aliyasukuma nyuma ya kopo la chumvi.

"Mama, mpe matone."

"Kichanga hiki unakinywesha madawa? Wewe ulikunywa matone gani?"

"Jua la huku halina kitu, mama."

"Astaghfirullah! Jua la Mungu halina kitu?"

Mke wangu alikuwa ameshamwachia mkwewe kila kitu, kama ilivyo kwetu. Nilishikilia, mpaka mama akasema haya, atampa. Mama yangu akisema haya, nyumba nzima hutulia.

Wiki hiyo hiyo ndama watatu wa banda la madirisha walianza kukohoa. Mwenzangu wa zamu, mtu wa Bukavu, ambako kaka mkubwa huitwa yaya, aliniita asubuhi moja.

"Yaya, angalia, huyu iko anapumua mubaya."

Kabla ya adhuhuri ndama yule alikufa, mwanga umemlalia mgongoni. Nilivua buti nikaondoka bila kuaga.

Mama alikuwa amepiga magoti dirishani, anamwimbia mjukuu wake. Mtoto alikuwa kimya. Pua zilimpanuka, na chini ya mbavu ngozi ilizama kila alipovuta pumzi.

"Mama, matone unampa?"

"Nampa jua, mwanangu," alisema kwa upole. "Tena leo linawaka."

Akamwinua anioneshe, nami nikamnyang'anya. Sijawahi kumnyang'anya mama yangu kitu chochote. Hakupinga. Alibaki pale pale kwenye mwanga, mikono wazi, akiniuliza nimeona nini.