Ng'ombe Anayekunywa Soda

Baba yangu alijua kusoma mavi ya ng'ombe kuliko mimi nilivyojua kusoma vitabu, na mimi nilikuwa mwalimu. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, alizunguka zizini na kijiti chake, akichokonoa hapa na pale. Huyu kala majani machanga. Huyu hakunywa jana. Huyu ana minyoo. Hakuona aibu hata chembe. Akitokea mgeni, alimwita naye aje atazame.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kufika kwetu, upande wa Migato, na fedha taslimu. Zikafuata mashine za kukoboa na maduka yenye kila kitu. Baba akaona taabu imekwisha. Akapiga marufuku ugali wa mtama nyumbani kwake, tukala sembe nyeupe pee. Michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyokulia, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akasema ni vyakula vya enzi za foleni. Mchana alikula nyama choma senta, akashushia soda. Maji akawaachia ng'ombe, na kuchunga akawaachia kaka zangu. Mama alimtazama tu.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba Somanda, nilikofundisha, kwenye nyumba yenye zizi dogo uani. Niliporudi nyumbani likizo, nikamkuta zizini.

“Mwangaluka, baba,” nilimwamkia kwa lugha ya kwetu.

“Mwangaluka, mayu. Njoo huku.” Akanionyesha mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. “Yule ni wako.”

Nilipiga kigelegele mpaka ndama wakakurupuka. Kisha kikanikatika kooni. Kwetu binti ndiye anayeleta ng'ombe, siku anapoolewa, kupewa, hapewi. Nikaenda jikoni kumuuliza mama kulikoni.

“Siku hizi anajifulia suruali mwenyewe,” mama alisema kwa sauti ya chini. “Na akiingia chooni anakaa mpaka uji unapoa. Nikimuuliza, ananiuliza kama nimekosa kazi.”

Baba kufua! Nilielewa papo hapo kwamba anagawa mali kwa sababu anaaga, na sijui kipi kilitangulia, hofu au hasira. Mtu anayeshinda akitangaza matumbo ya mifugo yake kwa kila mpita njia, la kwake mwenyewe analificha kama kitu cha wizi!

Lakini binti atamuulizaje baba yake habari za chooni? Haiwezekani. Asubuhi iliyofuata nikaokota kijiti changu, nikamfuata zizini.

“Baba, ng'ombe akitoa kinyesi chenye damu, unatazama nini?”

“Inategemea,” alisema bila kugeuka. “Damu nyeusi, iliyochanganyika na mavi, hiyo inatoka mbali ndani. Damu mbichi, iliyopakaa kwa nje, mara nyingi inatoka karibu na mlango.”

“Kuna mmoja nina wasiwasi naye.”

Kijiti chake kikasimama. “Hata mimi nina wasiwasi naye,” akasema.

“Damu yake ikoje?”

“Nyekundu. Kwa nje. Na matone yanafuata mwishoni.”

“Na mavi yenyewe?”

“Magumu. Anasukuma mpaka machozi.”

“Anakula?”

“Sana.”

“Amekonda?”

“Kanenepa.”

“Maji anakunywa?”

“Anakunywa soda.”

Nilijikaza, nikashindwa. Kicheko kilinitoka puani. Baba alinikazia macho, kisha mabega yakaanza kumtikisika, tukacheka tumeshikilia mti mmoja wa zizi mpaka mama akaja na mwiko mkononi kuona kuna nini.

Alipotulia alijifuta macho. “Nilidhani nakufa, mayu.”

“Na ng'ombe wako akiwa hivi, ungekaa kimya?”

Alikwenda kuchukua koti lake.

Hospitalini Bariadi, daktari alimuuliza maswali yale yale, na baba alijibu yote vizuri, ila alikuwa bado anamzungumzia yule ng'ombe. Daktari, kijana mwenye subira, akaandika tu. Kisha akavaa glavu. Baba akaitazama ile glavu, akanitazama mimi, nami nikatoka mbio. Nikiwa nje nikasikia sauti yake: “Taratibu, daktari! Mimi si ng'ombe!”

Ilikuwa bawasiri. Daktari alitueleza kwamba mishipa ya damu kwenye njia ya haja kubwa imevimba kwa sababu ya kusukuma choo kigumu. Ale dona au mtama, mboga za majani, anywe maji ya kutosha. Haja ikimbana asiiahirishe, na chooni asikae kusubiri. Jioni akalie maji ya uvuguvugu kwenye beseni. “Damu ikizidi, au ikiwa nyeusi, au ukianza kukonda au kusikia kizunguzungu, uje siku hiyo hiyo,” alisema. “Na kwa umri wako, mzee, hata ikikoma urudi tupime zaidi, isije bawasiri ikatuficha kitu kingine.”

Sijawahi kumwona mama akipika nsansa kwa furaha namna ile. Alimwaga karanga bila huruma, akamwekea baba bakuli, akaketi mbele yake ahakikishe linaisha. Beseni alilonunua lilikuwa la rangi ya waridi. Baba alilikalia nyuma ya nyumba kwa heshima zote, akipiga mluzi, na mluzi wake nikiusikia nilitaka kulia kwa raha.

Damu ilikoma. Alirudi hospitalini kama alivyoambiwa, akapimwa, hakukutwa na kingine. Likizo yangu ilipokuwa inakwisha, nikaenda zizini kumrudishia mtamba wake.

“Ulinipa ukidhani unakufa,” nilimwambia. “Sasa hufi. Mchukue.”

Baba alimfunga yule mtamba kamba shingoni, akawaita kaka zangu waje waone, kisha akaniwekea kamba mkononi.

“Siku ile nilikupa kwa woga,” alisema. “Leo nakupa nikiwa mzima. Kila asubuhi tazama kinyesi chake. Na ukiona kitu, usinyamaze kama baba yako.”