Rangi ya Kucha ya Gari Langu

Leo nimejipaka rangi ya kucha dukani, mbele za watu, na sijutii.

Mnajua ninaunda kigari cha kuweka mezani. Ni mfano wa magari ya zamani ya Kimarekani, yale yasiyo na boneti, injini yote iko nje. Kimebaki rangi tu.

Nyekundu ya kucha ndiyo inayong'aa ninavyotaka. Basi nikaingia duka la vipodozi hapa Ukunda, nikaijaribu kwenye kidole gumba changu. Utanunuaje rangi hujaiona ikikauka?

Nyuma yangu nikasikia, "Shikamoo, Baba Mwanasha. Hiyo ya nani?"

Jirani yetu, Mama Riziki.

"Marahaba. Ya gari."

"Gari lipi? Si una baiskeli wewe!"

Duka zima likacheka. Nami nimesimama, kidole juu, ninangoja kikauke.

Kufika nyumbani, kumbe simu imenitangulia: mumeo anamnunulia mwanamke rangi.

Mke wangu yuko mlangoni. "Nionyeshe hilo gari."

Nikamletea. Akaligeuza, akalitazama juu na chini, akakitazama na kidole changu. Kisha akampigia Mama Riziki.

"Gari ninalo mkononi. Ila nyekundu aliyochukua imepauka. Kesho tunakwenda sote kuchagua iliyokolea."

Akakata.

Kidole sijakifuta, na kazini nitaingia nacho hivi hivi. Bwana harusi akipakwa hina si mnampigia vigelegele?

Basi nipigieni na mimi.