Vidole vya Bi Somoe

Kabla sijasimulia lolote niungame kwamba mimi ndiye niliyekaribia kumwondoa Bi Somoe mezani pake. Sikukusudia ubaya. Mimi ni Mpare wa Same, mwalimu wa hesabu, na ubishi wetu unajulikana: nikishatamka kwamba kitu kimekufa, hata kikipumua nitatafuta sababu nyingine.

Bi Somoe Hashimu alizaliwa Msimbati, kwa watu wa mihogo na minazi. Mwaka 1991 alitoka chuo cha uhazili akaja kuwa mpiga chapa wa shule yetu hapa Ufukoni. Nilipofika miaka mitatu baadaye nilimkuta na taipureta nzito, kabati lenye kufuli, na ufunguo uliofungwa kwenye pindo la khanga. Mitihani yote ya shule ilipita mikononi mwake na haukuvuja hata mmoja. Mwanawe Mwajuma alipata sifuri katika hesabu zangu mwaka 2001, na mtihani ule mama yake alikuwa ameuchapa wiki nzima kabla.

Enzi zile mitihani ilichapwa kwanza kwenye stensili, yale makaratasi yenye nta, kisha ndiyo inadurufiwa. Ili herufi zitoboe nta vizuri, utepe wa wino uliwekwa kando, hivyo mchapaji hakuwa anaona cha maana mbele yake. Nilipenda kumchokoza.

"Bi Somoe, unajuaje kama hujakosea?"

"Kidole kikikosea huniambia chenyewe, Mwalimu," alinijibu bila hata kugeuka.

Kompyuta ilikuja mwaka 2005 na akaizoea ndani ya mwezi mmoja. Balaa ilikuwa sisi walimu. Kila mmoja alikuja na flashi yake iliyokwisha kuzunguka kila duka la intaneti mjini, akaichomeka, akatuachia virusi. Kufikia mwaka 2008 mashine ilikuwa inajizima katikati ya sentensi, na faili ulilolihifadhi asubuhi hulioni mchana. Oktoba mtihani mzima wa kidato cha tatu ulipotea.

Mkuu wa shule, Mwalimu Filipo, alikuwa mpole, lakini upole una mwisho. Alisema mitihani ya Novemba isipotoka ofisini humu hadi Ijumaa saa sita mchana, uchapaji wote utapelekwa kwenye steshenari mjini, naye Bi Somoe atahamia stoo kutunza vitabu na majembe. Akaandika barua ya uhamisho huo kwa mkono, akaiweka kwenye trei ya Bi Somoe isubiri. Barua zote za shule zilichapwa na yeye, hata ya kumhamisha mwenyewe.

"Stoo nitakwenda, Mkuu," Bi Somoe alimwambia. "Ila mtihani ukilala steshenari, kesho yake utaukuta stendi."

Alipotoka nilimwona macho yamemjaa machozi. "Miaka kumi na saba, Mwalimu," aliniambia. "Sijui kazi nyingine, na sitaki kuijua." Niliumia, kusema kweli.

Wiki hiyo hiyo alikuwapo mjini Fadhili, mwanafunzi wetu wa zamani, sasa fundi wa kompyuta Dar es Salaam, amekuja kumwoza dada yake. Jumatatu alipita kutusalimia. Alipoiona mashine alitikisa kichwa. Alisema dawa ni kuufuta mfumo uliomo na kuweka mwingine unaoitwa Linux, ambao virusi vyetu vya kwenye flashi haviwezi kuusumbua, na tena ni wa bure. Nikapinga palepale. Kitu cha bure mimi hukitilia shaka mpaka kithibitishe vinginevyo.

"Shikamoo Mwalimu," Fadhili alinijibu, "huo wa kununua umekufikisha wapi?"

Akaweka sidii yake, na kabla ya chai ya saa nne kioo kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo. Kile kitufe cha kuanzia, tulichozoea kukiona chini kushoto, hakikuwapo. Orodha zote zilikuwa zimehamia juu. Walimu tukaguna. Bi Somoe aliuliza swali moja tu: "Karatasi nyeupe ya kuandikia iko wapi?" Akaonyeshwa. "Basi, mwanangu. Hayo mengine nitayaona njiani."

Na kweli aliyaona. Jumanne na Jumatano aliichapa mitihani upya kutoka kwenye miswada yetu, na kila alichogundua alikiandika kwenye daftari. Nilipompelekea flashi yangu alinionyesha virusi vimelala humo, faili zenye majina ya ajabu ajabu, haviwezi kufanya lolote. Akavifuta huku akiimba. Alhamisi jioni mitihani yote ilikuwa imekamilika.

Kilichobaki kilikuwa printa, ambayo mfumo mpya ulikuwa bado hauitambui. Fadhili alikuwa amesharudi Dar, lakini alituachia karatasi yenye mistari mitatu ya amri za kuandika ndani ya dirisha jeusi linalofunguka kwenye kioo, na chini yake neno la siri, refu, herufi na tarakimu zimechanganyika.

Ijumaa asubuhi nilimwomba Bi Somoe anipishe kitini. Niliamini kwamba mtu wa hesabu na kompyuta ni ndugu. Nikaandika mstari wa kwanza kwa vidole viwili, ukaonekana vizuri. Mashine ikadai neno la siri. Nikaandika herufi ya kwanza. Kimya. Haikutokea herufi, wala nukta, wala nyota. Nikabonyeza tena, nikabonyeza kwa nguvu, nikarudia kutoka mwanzo. Mashine ikakataa. Nikaazima kibodi ya Mkuu, mambo yakawa yale yale. Mara ya tatu ikanifukuza kabisa.

"Kibodi zote zimekufa," nilitangaza. "Na huu mfumo wa bure nao umekufa." Nikaenda moja kwa moja kwa Mkuu kumwambia asipoteze muda, apige simu steshenari. Akatazama saa, ilikuwa saa nne na nusu. "Basi mwambie aichape ile barua," alisema kwa huzuni.

Nilirudi nikamweleza. Bi Somoe akavuta kiti. Alikaa, akaisoma karatasi ya Fadhili mara moja, akaifunika mezani. Akaandika ile amri. Neno la siri lilipodaiwa aligeuza uso dirishani, akawa anatazama mbuzi wa jirani wakila ua wetu, huku vidole vyake vyote kumi vinakwenda. Kioo hakikuonyesha kitu. Akabonyeza kitufe cha mwisho. Mistari ikaanza kutiririka kwenye dirisha jeusi, mmoja baada ya mwingine.

"Umefanyaje?" nilimuuliza.

"Si stensili hii, Mwalimu? Hii nshaizoea." Alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Neno la siri ulitaka likae wazi lisomwe na kila apitaye?"

Aliandika amri mbili zilizobaki. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na mtihani wangu wa hesabu ukatoka wa kwanza. Niliona aibu, na nilifurahi kuliko nilivyoona aibu.

Saa sita kasoro dakika kumi tuliingia kwa Mkuu. Bi Somoe akamwekea mitihani yote mezani, na juu yake karatasi moja safi isiyo na kosa hata la nukta.

"Hii nayo ya nini?" Mkuu aliuliza.

"Barua ya kunihamishia stoo, Mkuu. Si umeagiza ichapwe? Mimi huchapa ninachopewa. Imebaki sahihi yako."

Mwalimu Filipo aliisoma mpaka mwisho, kisha akaitazama mitihani. Akachukua kalamu, akaikata barua kwa mstari mmoja mrefu, akaigeuza. Mgongoni mwake akaandika ratiba ya mtihani wa Januari na kumkabidhi Bi Somoe aende kuichapa.